Unga Mwekundu

Maiti ya Fermín Sutta, mlinzi wa michoro, ililala kifudifudi chini ya mwamba, kisogo kimepasuka. Juu yake, msafara wa llama wekundu, wanyama wa mizigo wa milimani, uliochorwa mwambani enzi za Wainka uliendelea na safari yake.

"Wezi wa vitu vya kale, afande," alisema Koplo Yábar.

Inspekta Nélida Ccoyo aliligeuza jiwe lenye damu kwa mkono wenye glavu. Upande wa pili lilikuwa na unga mwekundu. Akainua macho. Llama wa mwisho alikuwa amekwanguliwa kichwa.

"Mwizi angekata mwamba. Huyu alitaka unga tu. Wa nini?"

"Dawa. Bibi yangu alininywesha. Ndiyo maana nimekuwa mzuri hivi!"

"Nani anauguliwa kijijini?"

Kicheko kikamkauka koplo. "Benita, dada wa marehemu. Lakini mwanawe tumemzika juzi."

Walimkuta Benita uani, akimenya viazi. Habari za kifo zilikuwa bado hazijafika kijijini.

"Pole kwa mtoto, mama," alisema inspekta.

"Asante."

"Na pole kwa kaka yako."

Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea kumenya.

"Mbona huniulizi kapatwa na nini?"

Benita akakiweka kisu chini.

"Wewe ndiye uliyekwangua mwamba?"

"Ndiyo. Mtoto alikuwa anaungua kwa homa. Mlima umeporomokea barabara, zahanati haifikiki. Nilipata unga kiganja kimoja tu. Fermín akanikuta, akanipiga mkono, unga wote ukapeperuka. Akanifukuza kama mbwa, mimi, tumbo moja naye! Usiku ule ule mtoto akakata roho."

"Na jana?"

"Nilimpelekea supu. Haki ya Mungu, sikwenda kuua. Nilitaka aseme tu kwamba anajuta." Alifuta pua kwa ukingo wa shali. "Akasema, 'Michoro ina miaka mia tano, Benita. Watoto wanakufa kila siku.' Akanipa mgongo, akaanza kunywa supu yangu. Lile jiwe nililokwangulia lilikuwa palepale nilipoliangusha."

Yábar alitoa pingu, akabaki nazo mkononi, hajui aanzie wapi. Benita mwenyewe akamnyooshea mikono.

Inspekta aliinama karibu naye. "Unga ule ungemponya?"

"Sijui, mama," alisema Benita. "Fermín hakuniachia hata hilo nilijue."