Mlio wa Cherehani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilifanya kazi tatu: nilifagia chumba cha mbele, nilijaza ndoo maji, na nilimdharau mama yangu. Hiyo ya tatu niliifanya kwa bidii kuliko zote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wa pili darasani, na nyumbani waliniita Jaji kwa sababu sikukosa hukumu hata siku moja. Mjinga mimi, nilidhani wananisifu.

Mama alikuwa fundi cherehani, na hapakuwa na fundi wa kumfikia mtaa mzima. Lakini tangu mvua zianze alikuwa amebadilika. Hakuchana nywele. Alikula vijiko viwili, akasukuma sahani. Asubuhi nilimwita mara nne ndipo akaketi kitandani, na hapo alibaki akizitazama ndala zake.

"Mama, amka! Wenzako wameshafungua kazi."

"Naamka, mwanangu. Mwili mzito tu."

Mwili mzito! Mtu amekonda mpaka gauni linampwaya, bado anasema mwili mzito. Nilibenua midomo, nikaenda zangu shule.

Jambo moja tu lilimwokoa machoni pangu. Kila niliporudi, nilisikia cherehani yake ya kukanyaga ikilia ndani. Nilisema afadhali, leo ameamua kufanya kazi. Hata hivyo wateja walikuja na kuambiwa "kesho," na kesho yao haikufika.

Baba ni dereva wa lori, na safari zake ni za wiki nzima. Kwa hiyo dada yake, yaani shangazi yangu, alijipa cheo cha kutusimamia. Shangazi alijua kila kitu: ndoa za watu, magonjwa ya watu, hata mvua itaacha lini. Siku moja alinivuta kando.

"Wifi yangu ni mvivu," alisema. "Na uvivu hauna dawa ila aibu. Jumamosi nakuja kuichukua hiyo cherehani nimpe mwenye haja nayo. Akili itamrudi."

"Ichukue tu, Shangazi," nikajibu. Ndiyo, mimi. Sikumwuliza mshtakiwa hata swali moja.

Jumamosi Shangazi alifika na mtu wa mkokoteni. Mlangoni walikutana na muuguzi wa zahanati, aliyekuja kwa mara ya tatu kufuata gauni lake jeupe la kazi. Tuliingia wote pamoja. Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anakanyaga, na cherehani inalia.

"Wifi, ondoka hapo," Shangazi aliamuru.

Mama aliinuka mara moja, akasimama ukutani. Hilo lilinishtua. Cherehani ile aliachiwa na marehemu mama yake, na hata mimi nilikatazwa kuigusa.

Nilikwenda kuondoa gauni la muuguzi lisije likachanika. Nilipolivuta, lilikuja vipande vipande: mikono huku, kola kule. Halikuwa na mshono hata mmoja. Nikatazama sindano, haina uzi. Nikafungua chini kwenye bobini, kigurudumu cha uzi wa chini, nako vumbi tu. Mama alikuwa akikanyaga cherehani tupu.

Na mimi ni mtoto wa fundi! Nimelelewa mgongoni mwa mama huku akishona. Cherehani ikishona kitambaa hulia mlio mzito. Ikiwa tupu hugonga chuma kwa chuma. Nilikuwa nimeisikia kelele hiyo wiki sita, na sikuitambua kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kuhukumu.

"Mnaona?" Shangazi alipiga makofi. "Kumbe si mvivu tu, ni mwongo pia!"

Muuguzi alimpita Shangazi. Alimshika mama mkono, akamketisha. "Dada, hali hii tangu lini?"

"Tangu mvua zianze," mama alisema polepole. "Nakaa nishone, mikono inakataa. Silali, na kila kitu hakina ladha. Basi nakanyaga tu, mwanangu akirudi asikie mlio. Sikutaka ajue kwamba mama yake ameshindwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Muuguzi alimgeukia Shangazi. "Mvivu hulala, mama. Mvivu hakanyagi chuma kutwa nzima mpaka miguu inavimba. Huyu ni mgonjwa. Ugonjwa wenyewe unaitwa sonona."

"Ugonjwa gani usio na homa?"

"Kaka yako, baba wa mtoto huyu, naye hakuwa na homa alipokuwa hawezi kumaliza siku bila pombe. Ulimfokea miaka mitatu. Aliacha kwa kelele zako, au kwa matibabu na ushauri alioupata kwetu?"

Shangazi aligeuka kuelekea mlangoni. Mtu wa mkokoteni alikohoa kuficha kicheko. Waliondoka na mkokoteni wao mtupu.

Jumatatu nilimsindikiza mama zahanati. Alipewa vidonge na siku ya kuonana na mshauri kila wiki. Baba aliporudi, alisikiliza yote, kisha akasema, "Hata mimi, kabla ya pombe, nilianzia hapo hapo," akaanza kupika yeye. Kazi yangu ilikuwa kutembea na mama kila jioni hadi mwisho wa mtaa. Wiki ya kwanza hapakuwa na mabadiliko, na wiki ya pili pia. Nilimlalamikia muuguzi.

"Mguu uliovunjika unapona kwa siku ngapi?" aliniuliza. "Basi na akili iachie muda wake. Na wewe, nasikia nyumbani wanakuita Jaji, shika hili: ukiona mtu amebadilika, uliza kabla ya kuhukumu. Ugonjwa wa akili na ulevi hauponi kwa kusutwa. Mwenye nao mara nyingi hutumia nguvu zake zote kuuficha, kwa kuogopa watu kama mlivyokuwa ninyi. Kaa naye, mwambie mtu mzima unayemwamini, mlete apate tiba."



Wiki ya tano, nikitoka shule, nilisikia cherehani nikiwa nje. Nikasimama kusikiliza. Mlio ulikuwa mzito. Ukakatika, ukakaa kimya kitambo, ukaanza tena, mzito vilevile.

"Shikamoo, mama. Leo umeshindaje?"

"Marahaba, mwanangu. Leo nimeunga mkono mmoja wa gauni la muuguzi."

Kutwa nzima, mkono mmoja. Zamani ningebenua midomo. Niliweka mfuko wa shule chini, nikavuta kigoda karibu naye.

"Nionyeshe, mama," nikasema.