Mguso Ambao Hakuna Aliyeuona

Kila Jumamosi, Nelvine akishamaliza kuchuma majani chai na mama yake, alinawa miguu na kukimbia hadi ukumbi wa kanisa hapa Kiptere. Huko Wakili Chepkurui aliwafundisha watoto mchezo wa upanga mwembamba usio na makali. Zamani aliichezea nchi yetu ng'ambo, kisha akasomea sheria, na sasa ndiye mwakilishi wa wadi yetu. Pamoja na kazi zote hizo, Jumamosi hakuikosa.

Ukumbini hapakuwa na mashine ya kuonyesha nani ameguswa. Mwenye kuguswa aliinua mkono mwenyewe, akasema, "Nimeguswa."

Siku hiyo Nelvine alishindana na Okemwa, mtoto wa jirani. Mshindi angeenda kushindana Nairobi. Wakiwa sare, upanga wa Okemwa ulimgusa Nelvine ubavuni. Aliusikia vizuri, lakini akanyamaza, akasukuma wake mbele, ukampata Okemwa kifuani.

"Nimeguswa," Okemwa akasema, mkono juu. "Lakini si mimi nilikupata kwanza?"

"Ulipata hewa!" watoto wakamcheka. Okemwa naye akacheka, akampa Nelvine mkono. Hapo ndipo moyo wa Nelvine ulipouma.

Baadaye watu wazima waliingia kwa mkutano na mwakilishi wao. Nelvine alibaki kusaidia kupanga viti. Mzee Isaiah akasimama.

"Mama wakili, uliahidi paa la kituo chetu cha majani chai. Mpaka leo tunanyeshewa tukingoja lori. Ama unangoja kura zikaribie?"

"Sema ni kaunti imechelewesha!" mtu mmoja akamsaidia kutoka nyuma.

Wakili Chepkurui akatikisa kichwa. "Kaunti haina kosa. Ni mimi sikupeleka ombi mapema. Mzee, hapo umenigusa. Nisameheni. Jumatatu naanzia hapo."

"Tumekusamehe," Mzee Isaiah akasema, "lakini paa tunataka!" Watu wakaangua kicheko.

Watu walipotoka, Nelvine alimwendea Wakili Chepkurui. "Mwalimu, Okemwa alinigusa kwanza. Nilitaka sana kuona Nairobi." Akaanza kulia.

Wakili akampangusa machozi kwa leso yake. "Pole, mama. Twende tumwambie."

Walimkuta Okemwa akikatia ng'ombe nyasi. Aliposikia, alitupa nyasi juu. "Si nilisema! Hewa gani?" Kisha akamtazama Nelvine aliyeinamisha kichwa. "Sasa nitafanya mazoezi na nani? Hawa wengine hawanisumbui."

"Na mimi," Nelvine akajibu polepole. "Kesho baada ya kanisa."

Wakili Chepkurui akawashika mabega wote wawili. "Nelvine, nafasi ya Nairobi umeipoteza, na najua inauma. Hata mimi leo nilitaka kupigiwa makofi. Lakini ushindi wa uongo unakutenga na rafiki yako hata mkiwa mmesimama pamoja. Sema ukweli mapema, ukiwa bado mdogo hivi. Ukiuzoea sasa, ukiwa mkubwa hautakushinda mbele ya watu."