Alizima Gita Langu Kanisani, Nami Nikamzimia Kiapo

Nina miaka thelathini na mbili, naishi mtaa wa Mowlem, na sijaolewa. Nilikaribia sana. Mwanamume aliyenifanyia haya sasa anaishi Donholm na mke wake, anakula anashiba, anaitikia amina kama watu wengine... Wasomaji wenzangu, kama mnatafuta kisa cha mtu aliyesamehe, rukeni ukurasa huu. Mimi bado.

Mimi ni mpiga gita. Nilifunzwa na marehemu baba, mfanyakazi wa reli, ambaye wikendi alipiga na wenzake kwenye harusi na matanga ya watu wetu wa magharibi. Baba alipenda gita linaloongea. Nyuzi nyembamba, mlio mkali lakini safi, kila noti ijitenge na mwenzake kama wali uliopikwa na mtu anayejua kupika. Alisema gita likimumunya maneno, mchezaji hajui mguu auweke wapi. Ladha hiyo ndiyo urithi pekee niliopata kwake, na sikuwahi kuionea aibu.

Nilipojiunga na kikundi cha sifa katika kanisa letu hapa mtaani, nilimkuta Dennis. Kila mtu alimwita Deno. Yeye alikuwa fundi wa sauti, yule anayekaa nyuma kabisa ya kanisa kwenye miksa, na vipokea sauti masikioni, akipandisha huyu na kushusha yule. Alikuwa mpole, mwenye maneno matamu. Haikuchukua muda tukaanza kutoka pamoja.

Tulikuwa na ugomvi mmoja tu, na tuliufanya utani. Deno alipenda gita zito, lenye mwangwi mwingi, noti moja haijakauka nyingine imeshaizamisha. Mimi niliuita mlio huo uji. Naye wangu aliuita mabati. Tungekuwa tumesimama kando ya barabara tunakula mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, ananichokoza, "Babe, hii ni kanisa, si disko ya matanga. Punguza hiyo makali kidogo." Nami ningemjibu kwamba watu wanaosinzia kanisani wanahitaji makali. Tunacheka. Nilidhani wapenzi wanaweza kutofautiana masikio na bado walale nyumba moja. Kwani kila mtu si ana ladha yake?

Akaja nyumbani kujitambulisha, ameandamana na mama yake kutoka Bungoma. Mama Deno ana mguu mbovu, lakini alisafiri na kuku hai kwenye kikapu, akamkabidhi mama yangu kwa mikono miwili. Mimi alinikumbatia akaniita mwanangu. Sijawahi kupendwa na mama wa mtu vile. Tukaanza kupanga harusi.

Kisha Njoki akahamia kanisa letu.

Sitadanganya kwa sababu ya hasira... Njoki anajua kupiga. Alikuja na gita lake na msururu wa pedali za kukanyaga kwa mguu, na mlio wake ulikuwa mzito, wa mawingu, ule ule Deno aliokuwa akiuota. Gita lake halikuwa baya, lilikuwa lingine. Mchungaji alifurahi kupata wapiga gita wawili wasiofanana. Nami nilifurahi! Nilimwonyesha dada huyo chodi za nyimbo zetu zote, nikamkaribisha kwangu kunywa chai. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikishonea nguo.

Hapa lazima niwaeleze kitu kimoja. Ukiwa jukwaani, husikii wanachosikia waumini. Kuna spika ndogo imelazwa miguuni pako, inakurudishia sauti yako mwenyewe. Zile kubwa zinawaelekea watu. Anayeamua nini kiingie kwenye spika gani ni mwenye miksa, na wewe pale mbele huna njia ya kujua. Unamwamini tu.

Jumapili moja alikuja mkurugenzi wa kwaya kubwa inayorekodi nyimbo na kuajiri wapiga ala. Mchungaji alikuwa amemweleza habari zangu. Wakati huo nilikuwa nashona sare za shule kwa kibarua, na nafasi ile ingenitoa kwenye cherehani, nikaishi kwa gita langu, kitu ambacho baba alikitamani maisha yake yote na hakukipata. Siku hiyo nilipiga kwa roho yangu yote. Nilijisikia miguuni pangu, safi, kila noti mahali pake. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Ibada ilipokwisha, mkurugenzi alinipita na tabasamu la adabu, akaenda kwa Njoki. Akamchukua.

Nililia mpaka macho yakavimba. Deno alinibembeleza, akanipangusa kwa leso yake. "Usijali babe. Pengine hakufeel tu ladha yako. Watu si hupenda vitu tofauti?" Nilimshukuru... Hebu fikirini. Nilimshukuru!

Ukweli niliuletewa na jirani yangu, Mama Shiru, bila yeye kujua alichobeba. Alikuwa amenirekodi kwa simu akiwa kwenye viti vya waumini ili nimtumie mama kule nyumbani. Nikafungua video. Naona vidole vyangu vinakimbia, naona naimba kwa macho yaliyofumbwa. Ngoma zinasikika. Kinanda kinasikika. Gita la Njoki limetanda kila mahali. La kwangu halipo. Nikaongeza sauti ya simu, nikaiweka sikioni... Hakuna. Mama Shiru akaniuliza, bila ubaya wowote, kama siku hizi gita langu huwa nalishika tu kwa urembo.

Nikajiambia simu yake ni mbaya. Moyo unapotaka kudanganywa hukosi cha kuulisha.

Jumapili iliyofuata nilikuja na waya mrefu. Watu walipoinuka kucheza, nami nikashuka ngazi za jukwaa nikicheza nikipiga, kama niliyezidiwa na furaha. Hatua chache tu mbele ya zile spika kubwa, gita langu lilipotea. Nilizichapa nyuzi mpaka kidole kikachubuka. Kimya. Waumini walinipigia makofi, wanapenda mtu anayecheza. Nikainua macho kuelekea miksa. Deno hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Njoki, na mkono wake uko pale pale unapopandisha na kushusha watu.

Nilimngoja mpaka akaanza kukunja nyaya, nikamuuliza. Hata hakukana. Alisema alianza kwa kupunguza ukali wangu, kisha akanishusha kidogo, kisha Njoki alipokuja akaona muziki unakaa vizuri zaidi bila mimi. "Nilikuwa nakuprotect," akasema. "Na si ulikuwa unajiskia hapo mbele? Si ulikuwa umehepi?"

Nikamuuliza kuhusu siku ya mkurugenzi. Akaendelea kukunja waya.

Muda si mrefu kila mtu alijua kwamba Deno na Njoki wanaoana. Mama Deno alinipigia simu analia, anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Mimi sikulia tena. Nilikula yamini kwamba mtu huyu atajua inavyokuwa kufungua mdomo mbele ya watu wote na usisikike.

Nikaenda kwa Mchungaji nikamwambia nimechoka na jukwaa, naomba kusaidia kwenye mitambo. Akafurahi, akaniombea. Nilijifunza miksa ile kwa hasira, tundu baada ya tundu. Deno mwenyewe alinifundisha sehemu kubwa! Alidhani ndiyo njia yangu ya kupona. Nilimchekea, nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na fundi akiwa bwana harusi, ni nani angekaa kwenye miksa siku ya harusi yake? Mama Mchungaji alikuja kuniomba kwa woga. Nilipokubali, akina mama wakanikumbatia, wakasema kweli dada huyu amesamehe.

Siku ikafika. Kanisa limejaa hadi nje, watoto wanakimbia, jenereta inanguruma kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Nilivaa gauni zuri na vipokea sauti. Bibi harusi akala kiapo chake, nikamwacha asikike vizuri. Sikuwa na haja naye. Kisha Deno akapewa maikrofoni.

Nikaishusha sauti yake yote kwenye spika za watu. Ile ndogo ya miguuni pake nikaiacha. Alijisikia vizuri kabisa. Alisema kiapo chake polepole, kwa hisia, akitabasamu, huku ukumbi mzima unaona midomo tu. Watu wakaanza kugeukiana. Wa nyuma wakapiga miluzi. Yeye akadhani ni shangwe, akazidi kusema kwa madaha. Oh, wasomaji wenzangu, sitawadanganya... Ilikuwa tamu.

Ndipo nikahisi mkono begani. Mama Deno alikuwa amechelewa njiani, na kwa sababu ya mguu wake wahudumu walikuwa wamemkalisha nyuma, kiti cha karibu na miksa. Sikuwa nimemwona. Aliinama kwangu, macho yamejaa machozi.

"Mwanangu, sisikii. Anasema nini?"

Kule nyuma kote, mtu aliyemsikia Deno ni mimi tu, kwenye vile vipokea sauti, ambavyo hupokea kila maikrofoni hata ikishushwa kwa watu. Nilitaka kumwambia mitambo imeharibika. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, anangoja. Hana mtoto mwingine.

Nikamwambia. Deno anasema masikioni mwangu, nami narudia sikioni mwa mama yake. Nimekuchukua uwe mke wangu. Kwa raha na kwa shida. Kwa afya na kwa ugonjwa. Nitakupenda mpaka kifo kitutenganishe... Neno kwa neno. Yale niliyoyangoja mimi, nilimsemea mwanamke mwingine kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama Deno akapangusa machozi, akasema, "Asante. Amesema vizuri."

Mkono wangu ulipata nguvu za kumpandishia sauti wakati amekwisha maliza. Cha kwanza kanisa zima lilichosikia ni Mchungaji akiwatangaza mume na mke, kisha vigelegele. Deno alinitazama kutoka mbele. Alikuwa ameelewa. Hajawahi kunishtaki kwa mtu yeyote hadi leo, kwa sababu itambidi aeleze mchezo ule niliutoa wapi.

Nimehama kanisa. Napiga gita tena kwenye harusi za watu, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa ule ule mlio wa mabati, na kabla ya shughuli kuanza namwomba mtu apige gita langu mimi nikiwa nimekaa kule wanakokaa wageni. Dada zangu, kaka zangu, nawasihi mfanye hivyo. Mkipendana na mtu asiyependa mlio wenu, hilo si kosa, mpendane tu. Ila akiwa ndiye anayeshika miksa, shukeni mkasikilize wenyewe.

Na kisasi... Watu husema muachieni Mungu. Mimi sikumwachia, na sijutii kumwaibisha Deno hata chembe. Lakini msifanye nilivyofanya. Kila harusi ninayopiga hufika mahali pa kiapo, na bwana harusi awe yeyote, mimi husikia sauti ile ile ikimwahidi Njoki upendo mpaka kifo. Si ya Deno. Ni yangu.