Kitanda Juu ya Matofali

Kila asubuhi Wasike alipoondoka kwenda kazini, binti yake Metrine alimsindikiza kwa masikio. Kwanza alisikia nyundo na koleo zikigongana ndani ya mfuko, kisha kikohozi cha baba langoni, kisha sauti yake akiwasalimu watu wa njiani. Halafu basi. Kuanzia hapo Metrine alibaki na chumba, jiko na ndoo mbili zisizojua kupiga gumzo.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alipofariki alilelewa na nyanya huko Kimilili, na nyanya alipozeeka mno akapelekwa kwa shangazi Nabututu. Shangazi hakuwa mtu mbaya, hata kidogo. Lakini nyumba yake ilijaa watoto, na Metrine pale alikuwa kama mgeni aliyesahau kuondoka: anapewa chai, anapewa pa kulala, ila hakuna anayemuuliza siku yake imekuwaje.

Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akiishi na baba mtaani Manyatta, mjini Kisumu. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Kondele. Jioni alirudi ananuka moshi, akaweka mfuko chini na kuuliza, "Leo imekuwaje, mama?" Alimwita binti yake mama kila alipofurahi. Kwa swali hilo moja Metrine aliweza kuvumilia kimya cha mchana kutwa. Na kimya kilikuwa kingi, hasa wakati wa likizo. Majirani walizungumza Kijaluo, na walipocheka hakujua kama wanamcheka yeye au wanacheka bei ya sukari.

Basi siku moja mwenye ploti akapita mlango kwa mlango akitangaza kwamba anabomoa vyumba ili ajenge ghorofa. Wapangaji wote watoke mwezi ukiisha.

"Nyumba tutatafuta pamoja," baba alimwambia Metrine. "Lakini nataka pahali ninapoweza kukuacha bila roho kunidunda nikiwa kazini. Tukikosa kabla ya shule kufunguliwa, itabidi urudi kwa shangazi kwanza."

Metrine aliijua hiyo "kwanza" ya watu wazima. Hata nyanya alipompeleka kwa shangazi ilikuwa ni kwa muda tu, kwanza.

Wakampata dalali aitwaye Dishon, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na ulimi unaong'aa kuvishinda. Nyumba ya kwanza aliyowaonyesha ilishikana ukuta na baa. Muziki ulitikisa vioo vya dirisha.

"Hapa hununui redio, mzee," alisema Dishon.

"Na usingizi nitanunua wapi?" baba aliuliza, akageuka.

Nyumba ya pili ilikuwa na choo kimoja kwa ploti nzima, tena kiko nje ya lango. Baba alikitazama choo, akamtazama binti yake, akatikisa kichwa. Kila alipotikisa kichwa, Metrine aliiona stendi ya magari ya Kimilili ikisogea karibu.

Ndipo wakafika kwenye nyumba ya tatu, upande wa chini, karibu na mtaro mkubwa. Ilikuwa imepakwa rangi mpya: nyeupe juu, na samawati kutoka sakafuni hadi kiunoni.

"Maji iko, stima iko, choo iko ndani," Dishon aliimba. "Majirani ni watu wa kanisa. Mzee, ukikataa hii, nitajua hutafuti nyumba, unatafuta mbinguni!"

Baba hakumsikia. Alikuwa ameuona mlango. Ulikuwa mlango mzito wa chuma, na fundi mbele ya chuma ni kama mtoto mbele ya mandazi. Aliufungua na kuufunga. Akapapasa bawaba, akafuata kwa kidole mishono ya kuchomelea.

"Huu ulichomelewa na mtu aliyeshiba," alisema kwa heshima. "Metrine, hebu zunguka kule nyuma uniangalizie."

Metrine akazunguka. Mwanamke mmoja mnene alikuwa ameketi mbele ya mlango wake akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya minofu kuchukuliwa na viwanda. Mafuta yalichemka, harufu ikapanda. Mlango wake ulikuwa wazi, na Metrine akaona ajabu. Kitanda kilipandishwa juu ya matofali, tofali juu ya tofali, mpaka anayelala lazima apande kama anayepanda lori. Kochi nalo lilisimama juu ya matofali. Nguo na unga vilining'inia kwenye mifuko iliyofungwa darini.

Metrine akakaribia kucheka. Kwao Kimilili, kwenye vilima, kitanda kilikaa chini kama vitanda vyote vyenye akili.

"Wewe msichana ni wa huko juu milimani, siyo?" mwanamke aliuliza. "Unaangalia kitanda yangu kama imeota miguu."

Metrine alifungua mdomo aulize, lakini Dishon akatokea kwenye kona. Yule mwanamke akarudisha macho kwenye karai.

"Mlango ni mzuri," alisema kwa sauti kavu. "Mlango, hata mimi nausifu."

Metrine alirudi mbele polepole. Kitu fulani hakikukaa sawa. Watu hawabebi matofali kupandishia kochi kwa kupenda mchezo. Alijua kwamba akitaja neno moja, baba atauliza maswali, na baada ya maswali kichwa kitatikisika.

"Umeona nini huko nyuma?"

"Sijaona kitu, Baba. Ni pazuri tu."

"Basi, Dishon," baba alisema akitabasamu, "kesho jioni nikitoka kazini tunamaliza maneno."

Kesho yake ilinyesha mchana, mvua fupi ya kelele nyingi. Ilipokatika Metrine hakuweza kukaa. Alijiambia anakwenda kuitazama nyumba yao mpya, aone dirisha gani litaingiza jua. Ukweli ni kwamba lile kochi juu ya matofali lilikuwa limekaa kichwani mwake tangu jana na lilikataa kushuka.

Akafika langoni, akasimama. Uwanja wa ploti ulikuwa ziwa dogo la rangi ya chai. Mbele ya ule mlango mzuri wa chuma, ndala moja ilielea ikizunguka pole pole, haina haraka, kama inayongoja kufunguliwa. Maji yalikuwa yameshaingia chini ya mlango. Yule muuza samaki, sketi ameikunja magotini, alikuwa akiyasukuma maji nje kwa ufagio.

"Karibu, nyar Kimilili!" aliita, maana jana alikuwa amemsikia baba akimwambia Dishon watokako. "Nyar Kimilili ni binti wa Kimilili. Ukikaa na Wajaluo utaitwa kwa jina la kwenu. Mimi ni Seline. Vua viatu, hapa leo ni kwa samaki."

Hakuna jirani yeyote Manyatta nzima aliyekuwa amewahi kumwita kwa jina lolote. Metrine alivua viatu, akachukua ufagio wa pili uliokuwa ukutani, akaanza kusukuma.

"Huwa inajaa hivi kila siku?" aliuliza.

"Hii? Hii ni mvua ya kusalimia tu. Ile ya Aprili inakuja na mizigo yake, inalala." Seline alionyesha ukuta wa nyumba tupu. "Umeona ile samawati? Inapakwa kila mpangaji akihama. Inafunika alama ya maji."

"Mbona jana hukutuambia?"

"Mbele ya Dishon? Hii ploti anasimamia yeye, na ndiye anaamua nani apewe notisi. Na wewe mbona hukuniuliza? Uliona kitanda. Macho yako yalikuwa makubwa kama sahani."

Metrine alizidi kusukuma maji. Kisha, labda kwa sababu alikuwa ameinama na hakuna aliyemtazama usoni, maneno yakatoka. Alieleza habari za Kimilili, za shangazi, na za ile "kwanza". Alieleza kwamba baba alimuuliza ameona nini naye akaficha, maana akitikisa kichwa mara moja zaidi, yeye atarudi kuwa mgeni.

Seline akaegemea ufagio. "Kwa hivyo umeamua mkae wewe na baba yako ndani ya karai, ili mradi mko wawili?"

Metrine alitaka kucheka, akalia.

"Wacha hayo, nyathina, mwanangu. Mimi nakaa hapa kwa sababu wateja wangu wako hapa na kitanda yangu imeshajifunza kupanda. Lakini baba yako atakuacha humu mchana, mvua ije, na wewe uko peke yako. Amekuuliza umeona nini. Kimbia umwambie ulichoona, kabla hajamalizana na Dishon."

Njia ya kwenda Kondele ilikuwa na tope, na Metrine aliiona ndefu kama ya kwenda hadi mji wa Bondo. Alimkuta baba amevaa miwani ya kazi, cheche zikiruka. Alisubiri cheche zitulie.

"Baba, jana nilikwambia sikuona kitu. Niliona." Akaeleza yote bila kupumua: kitanda, kochi, mifuko ya darini, ndala iliyoelea. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Sasa utanirudisha?"

Baba alivua miwani. Alichukua brashi ya waya, akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Kwenye ile nyumba baba alichuchumaa mbele ya mlango aliousifu na kuanza kusugua sehemu ya chini. Rangi mpya ikabanduka. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa na kutu, kutu ya miaka, mpaka usawa wa goti.

Dishon akaja mbio akirukaruka ili aokoe viatu vyake. "Mzee! Unaniharibia rangi!"

"Namsalimia mgonjwa," baba alisema. "Kumbe mlimvika suti."

"Lakini hukuuliza kama maji inaingia!"

"Kweli, sikuuliza," baba alikubali, akasimama. "Ndiyo maana nakwenda kuuliza kwingine."

Seline ndiye aliyewaelekeza kwenye ploti ya mwanakwaya mwenzake, juu mlimani kidogo. Safari hii baba hakuanza na mlango. Alimwacha mwenye nyumba langoni, akaenda bombani walikokuwa wanawake wakiteka maji, akawauliza: maji hukatika siku gani, choo huoshwa na nani, jioni pakoje, nani huchelewa kufunga lango. Walimjibu kwa wingi kuliko alivyotaka. Metrine alichungulia milango iliyokuwa wazi. Vitanda vyote vilikuwa chini. Wakarudi tena baada ya mvua nyingine, wakakuta uwanja una unyevu tu, wakatembea njia nzima hadi shuleni ili waone ina barabara ngapi za kuvuka. Ndipo baba akakubali.

Chumba chenyewe hakikuwa na sifa. Kuta zilififia, na mlango ulilia kama mbuzi kila ulipofunguliwa. Baba aliutazama kwa huruma, akaanza kuulegeza bawaba siku hiyo hiyo waliyohamia.

"Metrine," alisema akiwa bado ameinama, "mimi niliangalia mlango kwa sababu ndicho ninachokijua. Wewe uliniangalia mimi, uone kama nitatikisa kichwa. Nyumba yenyewe haikuwa na mtu wa kuiangalia. Ndiyo sababu ukitafuta pa kuishi unamuuliza anayelala pale, wala si anayepangisha. Unakwenda kukiwa kukavu na unarudi kukiwa na maji. Na mkiwa wawili, kila mmoja anamwambia mwenzake alichoona, hata kama kinauma."

Akageuza bisibisi mkononi.

"Na mimi nilikosea. Nilikutisha na Kimilili, halafu nikakutuma uniangalizie. Mtu mwenye hofu hasemi alichoona; husema anachotaka mwenzake aamini. Wewe hutarudi kwa shangazi. Ilifaa nikwambie hivyo tangu mwanzo."

Likizo haikuwa imekwisha. Kesho yake baba aliondoka, na Metrine akamsindikiza kwa masikio kama kawaida: nyundo, koleo, kikohozi, salamu, halafu basi. Kimya kikaja, kikakaa naye chumbani. Lakini saa za mchana sauti nene ikaita langoni, "Nyar Kimilili! Uko ndani, ama nawe umeelea?" Alikuwa Seline, karai kichwani, amekuja kujaribu kama watu wa mlimani wanajua kula mgongo wazi. Wanawake wa bombani wakacheka, na mara hii Metrine alijua kicheko kilikuwa cha nini.

Jioni baba aliweka mfuko chini. "Leo imekuwaje, mama?"

Metrine akaanza kusimulia, na chai ya baba ikapoa kabla hajafika nusu.