Joto la Miguu ya Mama

Kilichoanza ni sindano. Mama alikuwa anafuma kitambaa cha meza, kama alivyofuma kila alasiri tangu ahamie kwa mwanawe, na siku zote sindano zake zilikwenda polepole, ti... ti... ti..., hivi kwamba katikati ya ti moja na nyingine angeweza kukusimulia ukoo mzima. Alasiri ile zilikuwa zinakwenda sawasawa na feni ya kompyuta. Mwanawe alisikia, akadhani ni masikio yake.

Huyu bwana alikuwa mchoraji wa nyumba ambazo bado hazijajengwa. Kompyuta yake ilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa kazi ile huo ni uzee wa mkongojo. Vifaa vya kuunda mpya alikwisha kuvikusanya chini ya kitanda. Ilibaki prosesa tu, ule ubongo wa mashine, nayo ilikuwa njiani. Mtu mwenye subira angengoja. Yeye akaingia kwenye mipangilio ya ndani ya ile ya zamani, akaanza kuikimbiza kuliko walivyoikusudia walioitengeneza. Leo anaipandisha mwendo kidogo, anaijaribu saa nzima, ikistahimili anapandisha tena.

"Utaiua hiyo," mkewe alimwambia.

"Ya kutupwa hii. Punda afe, mzigo ufike."

"Na punda naye ana Mola wake," mama alisema kutoka kitini kwake, wakacheka wote watatu.

Kiti cha mama kilikuwa nyuma ya kompyuta, na aliyemweka pale ni mwanawe, tena kwa mapenzi. Mama alikuwa na baridi ya mifupa isiyosikia blanketi. Kompyuta ilipozidi kukimbizwa ilipumua hewa ya moto, basi mchoraji akafungua ubavu wa kasha, akaigeuza feni imwelekee mama miguuni. Mama akamwombea dua ndefu. Tuseme kweli, ni watoto wangapi wanaokumbuka miguu ya mama zao?

Siku ya nne kitambaa cha mwezi mzima kilikuwa kimekwisha. Siku ya tano vilikwisha viwili. Mama akawa anakula amesimama, anafagia ua mara tatu kwa asubuhi moja, anaongea mbiombio hata maneno yanakanyagana. Mke wa mchoraji alifurahi mwanzoni, nani asiyefurahi mama mkwe akipata nguvu, lakini siku ya sita alimvuta mumewe jikoni.

"Mama halali," alinong'ona. "Na chumba chako kinanuka nywele zilizoungua. Husikii?"

Alikuwa anasikia. Alikwisha kukagua waya zote, hakuna kilichoungua. Kwa tahadhari tu alichomoa diski yenye michoro yake yote ya miaka kumi na mmoja, akaiweka rafuni, ili mashine ikifa isife nayo. Kisha akapandisha mwendo tena.

Pale pale alipobonyeza, sindano za mama ziliruka. Akateremsha hatua moja, zikapungua. Akapandisha, zikaruka. Akainuka, akazunguka meza, na akamkuta mama amefumba macho, kichwa kimemwangukia kifuani, amelala usingizi mzito, uzi umekwisha zamani na umelala sakafuni, ila mikono inafuma, inafuma hewa tupu kwa kasi ambayo vidole vya miaka sabini na nane havina, na alipopiga magoti kumshika nyayo aliirudisha mikono yake haraka, kwa maana zilikuwa moto kama pasi.

"Ongeza kidogo, baba," kinywa cha mama kilisema. Sauti haikuwa yake.

Akaurukia waya wa umeme. Alipouvuta nusu, taa ya mashine ikafifia, na pumzi ya mama ikakatika. Akaurudisha, na pumzi ikarudi. Hapo aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe, akaketi sakafuni ameushika waya ule usichomoke, analia, mpaka mkewe alipomleta Barafu.

Barafu alikuwa fundi friji wa mtaani. Ile kazi yake nyingine watu waliitaja kwa kunong'ona, lakini aliijia na kisanduku kile kile cha vifaa. Alimtazama mama, akanusa kompyuta.

"Jini huyu alikuwa amelala humu miaka, hana ugomvi na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Umemkimbiza, joto limemshinda, kahamia kwa aliye jirani. Ukizima ghafla anaondoka na mama. Mrudishe kama ulivyomtoa, hatua kwa hatua."

Basi wakamrudisha. Barafu alisoma aliyoyasoma akiwa ameweka kiganja juu ya kasha, na mchoraji akateremsha mwendo hatua moja, akangoja, akateremsha nyingine, mpaka mwendo wa kiwandani. Jua lilipokuwa linazama, sindano zilimdondoka mama. Nyayo zikapoa. Akafungua macho, akauliza kama chai ipo.

Barafu alizima kompyuta, akaifunga kwenye gunia lililoloweshwa maji. "Naenda kuizika yote. Kisibaki hata kiparafujo. Hakuna ulichochomoa?"

Mchoraji alitazama rafuni. Miaka kumi na mmoja. Kila nyumba aliyowahi kuchora.

"Hakuna," alisema.

Prosesa ilifika wiki iliyofuata. Kompyuta mpya ilikuwa baridi na kimya, na mwendo wake hakuugusa hata chembe. Alikuwa ameapa mbele ya mkewe. Kiti cha mama sasa kilikuwa dirishani, mbali kabisa, naye amevaa soksi mbili mbili, anafuma, ti... ti... ti... Mchoraji akaichukua diski rafuni, akaipachika, akawasha. Michoro ikafunguka yote. Akashusha pumzi.

Harufu ya nywele zilizoungua ilimfikia kabla hajaivuta nyingine.

Ti... ti... ti. Ti. Ti. Ti.

Mkono ukaruka kwenye swichi, ukakumbuka, ukaganda. Akaingia kwenye mipangilio ateremshe mwendo, na akakuta uko pale pale pa kiwandani, pa chini kabisa, kwa sababu yeye hakupandisha hata hatua moja, na asichokipandisha yeye angekiteremshaje, na kule dirishani sindano hazikuhesabika tena, zilikuwa mlio mmoja mrefu.

"Usizime, baba," mama alisema, macho ameyafumba. "Usije ukazima."