Masikio ya Kidoli Chekundu

"Kilikuwa na masikio! Marefu, yananing'inia."

"Hakikuwa nayo, kaka. Kilikuwa na kichwa cha duara, kama kitunguu."

"Basi shona kitunguu, tuone kama mwanao atasema."

Dada mtu, fundi cherehani, alimtupia kaka yake kidoli cha sita. Kilimgonga kifuani, kikaanguka kati ya vipande vya vitambaa. Kaka mtu, fundi saa, hakukiokota. Siku tatu amefunga kibanda chake kwa ajili ya ubishi huu huu.

Binti wa fundi cherehani, mtoto wa miaka mitano, alikaa pembeni akiwatazama. Siku ya tisa sasa hajatoa sauti, hata akilia. Ilianza kwa jambo dogo tu: mchana mmoja aliuliza ni nani anayecheza chini ya meza ya kukatia. Mama yake akacheka. Kesho yake kukawa na harufu ya sufi iliyoungua, na chini ya meza njuga ikalia mara moja, ting'. Mtoto akafungua mdomo amwite mama, hakikutoka kitu.

Mganga alisema ni jini lililokaa zamani ndani ya kidoli walichochezea hawa ndugu wawili. "Kishoneni vilevile kilivyokuwa. Litaingia, nami nitalifunga, na sauti ya mtoto itarudi. Mkikosea hata kidogo, haliingii."

Vilevile! Miaka thelathini imepita. Kitambaa chekundu, walikubaliana. Jicho moja la kifungo, walikubaliana. Sufi ndani na njuga tumboni, sawa. Lakini masikio! Fundi cherehani alishona, akafumua, akashona tena mpaka vidole vikamvimba, na kila kidoli kilibaki kitambaa tu.

"Wewe ndiye ungekumbuka," alisema kwa hasira. "Kilikuwa chako."

"Changu?" Fundi saa aliinua uso. "Siku zote nilijua ni chako. Si wewe uliyekuwa ukikaa nacho chini ya meza ya mama, unajifunzia mkasi?"

"Mkasi gani?"

Harufu ya sufi iliyoungua ilikuwa imeanza kupanda polepole kutoka chini ya meza, ikapita kwenye magoti yao, ikampita mtoto ambaye sasa alikuwa amejiziba masikio kwa mikono yote miwili, ikaelekea mlangoni, na njuga ikaifuata, ting', ting', kama kitu kinachotambaa bila haraka, mpaka nje.

Kisha mlango ukagongwa, chini kabisa, karibu na kizingiti.

"Nani?" alinong'ona fundi saa.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya binti yule yule, naye alikuwa amekaa pale pale, midomo ameifumba.

"Mama, fungua. Mjomba hajakosea. Masikio nilikuwa nayo, mpaka ulipoyakata. Ya mwanao yatanienea."