Taa Katika Dirisha la Gofu

Wanawake wengine hunusa manukato ya watu kwenye kola za waume zao. Mama Mbingu alinusa mawe mabichi. Alikuwa anafua, akalipeleka shati puani kama kawaida yake, maana alikuwa na wivu tangu enzi za uchumba na hakumficha mtu. Shati likanuka ukuta ulionyeshewa miaka na miaka, na mshumaa uliozimwa sasa hivi.

"Ulikuwa wapi?" akamuuliza mumewe.

"Karakanani. Ningekuwa wapi tena?"

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Humo mke na mume walinakili kwa mkono picha moja ya kale: nyumba ya watawa iliyobomoka, imezungukwa na miti mikavu, jua likizama nyuma yake. Wateja waliipenda ajabu. Mke alichora mbingu tu, ndiyo maana ya jina lake. Mume alichora mawe na matao, akaitwa Fundi Magofu. Sharti lao lilikuwa moja, kwamba kisichokuwemo kwenye picha ya asili hakiongezwi, hata jani. Siku chache kabla ya shati lile kunuka, daktari mmoja wa meno alitaka nakala ya kutundika kazini kwake, ila akalalamika kuwa gofu lile jeusi litawatisha wagonjwa, nao wana hofu zao za kutosha. Fundi akacheka, akachovya brashi kwenye rangi ya manjano, akaliwashia gofu taa katika dirisha la juu.

Tangu hapo picha ile haikuisha. Kila siku Fundi alikuta kitu cha kurekebisha, na chakula chake kikapoa mezani. Mama Mbingu akipita na ndoo alimsikia anaongea kwa sauti ya chini, sauti ileile aliyomtongozea yeye zamani, na akiingia, kimya. Mchana mmoja akasogea mpaka kwenye picha. Mbele ya taa, dirishani, alikuwa amesimama mwanamke asiye na uso. Shingo yake ilikuwa nzuri, na hilo lilimuuma Mama Mbingu kabla hata hajaogopa.

"Nani huyu?"

"Sijamchora mimi," Fundi akanong'ona. "Nilidhani ni wewe."

"Mimi nachora mawingu. Leo nikuchoree na hawara?"

Fundi hakucheka. "Ananiuliza habari zako. Unavyocheka, unavyotembea, unavyofuta mikono. Namwambia."

"Na bado unamtazama."

"Siwezi kuacha, mke wangu. Hata nikifumba macho naliona lile dirisha."

Mama Mbingu akamkimbilia shangazi yake, mganga wa kupunga majini. Shangazi alipofika aliishia kizingitini, akaziba pua.

"Magofu yana wenyewe, mwanangu," akasema polepole. "Mumeo kawasha taa, basi kamkaribisha mpangaji. Huyu hana uso, na asipopata uso hatoki humo. Mimi namchukua mumeo nikamsomee dua kwangu. Wewe mwenye nyumba kwangua taa, kwangua na huyo mwanamke, kisha paka weusi kama ulivyokuwa mwanzo. Usiongeze kitu. Umenisikia? Hata nukta."

"Nimesikia, shangazi."

Na alisikia kweli. Walipoondoka alichukua kisu cha rangi, akakwangua, na mwanamke yule akabanduka kirahisi mno, na taa ikafuata. Weusi alikuwa ameshauchanganya, upo tayari. Lakini wivu ukamrudisha palepale pa siku zote. Siwezi kuacha, mume alisema. Atarudi, atalitafuta dirisha lile kwa macho, atamkumbuka yule wa shingo nzuri. Na miaka yote hii ya kuchora mawe, yeye mkewe hajawahi kuchorwa hata kidole. Kama lazima atazame dirisha, Mama Mbingu akasema moyoni, basi na amtazame aliye wake.

Akaleta kioo, akajichora. Alijichora vizuri, akajipunguzia na umri kidogo, nani angemkataza. Alipotia nukta ya mwisho kwenye jicho, mtu akacheka nyuma yake, na kicheko kilikuwa chake mwenyewe.

Akageuka kuufuata mlango akakutana na ukuta, ukuta wa mawe yenye maji, na harufu ile ya kwenye kola sasa ilikuwa imemzunguka mwili mzima, na taa ya manjano, ileile aliyoikwangua, ilikuwa ikiwaka mgongoni pake bila kutoa joto, na alipokimbilia upenyo pekee uliokuwapo aliona, chini kule, karakana yake, brashi yake imeanguka sakafuni, na mwanamke aliyevaa gauni lake akifuta mikono kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja, vilevile anavyofuta yeye. Akapiga kelele mpaka koo likamkauka. Mwanamke yule hakuinua hata kichwa.

Shangazi alirudi na Fundi jua likiwa bado juu. Akavuta hewa, akaridhika.

"Harufu imepungua. Umefanya nilivyokwambia?"

"Bado dirisha, shangazi. Nilipokwangua tu, akajivalisha sura yangu. Nikaogopa kumgusa."

Fundi akaiangalia picha. Akamtazama Mama Mbingu machoni, yeye mwenyewe aliye dirishani, naye mkewe akamwita kwa jina ambalo hakuna mwingine anayelijua, akijua kabisa kwamba hasikiki.

"Amekuiga," Fundi akasema, "lakini hakufikii."

"Basi mfunike," yule mwanamke akanong'ona. "Mawe si kazi yako?"

Fundi akauchukua weusi kwa mkono wa kulia. Wa kushoto akauzungusha kiunoni mwa yule mwanamke, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa mkewe, kisha akaanza kupaka kuanzia chini. Weusi ulipanda kifuani pa Mama Mbingu, ukafika shingoni, ukafika kidevuni, naye wala hakuutazama. Alikuwa anautazama ule mkono wa kushoto.